Pima Mtaa kwa Miguu ya Bibi na Mjukuu

Kila dalali niliyempigia simu alianza na swali lilelile: "Dada, bajeti yako ikoje?" Akishajibiwa anauliza vyumba vingapi, halafu kama nataka nyumba iliyo ndani ya fensi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumbani kwangu wanaishi akina nani, na wakitaka kwenda sokoni au zahanati watakwendaje. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu ambaye kodi ya Dar es Salaam imemshinda, sasa anapiga hesabu za maeneo ya pembezoni, Kibaha, Chanika, Bunju, Kigamboni au Kisarawe, na hajui aelekee wapi.

Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa darasa la tatu, na mama yangu mzazi ambaye ameshavuka miaka 70. Mama ana akili zake timamu na bado anapenda kutembea, ila magoti yamechoka. Bodaboda hawezi kupanda, na kwenye bajaji lazima ashikwe mkono wakati wa kushuka. Gari hatuna. Kwa hiyo tulipokaa kuzungumza habari ya kuhama tulikubaliana jambo moja: popote tutakapokwenda, bibi na mjukuu wake waweze kutoka wenyewe. Mtoto aende shule na kurudi kwa miguu. Bibi akachukue dawa zake za presha, apite gengeni, aende ibada, arudi, bila kumsubiri mtu wa kumpeleka wala kuomba hela ya usafiri. Mzee anayesubiri kupelekwa kila mahali huzeeka haraka. Nimeliona kwa shangazi yangu, aliyehamishiwa kwenye nyumba nzuri sana yenye bustani, mahali ambapo hata kununua kiberiti ni mpaka boda aitwe. Haukupita muda akawa mtu wa sebuleni, na shughuli yake kubwa ikawa kuuliza nani anarudi saa ngapi.

Tulikuwa Sinza. Watu husema Sinza imechangamka kana kwamba uchangamfu ule uliota wenyewe, lakini una chanzo chake. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge kwa uwezo wao. Viwanja vingi vya Sinza vilikuwa vidogo. Nyumba zikakaribiana, watu wakawa wengi kwenye eneo dogo, na palipo na watu wengi muuza mboga, fundi cherehani, kinyozi na mwenye duka la dawa wote wanapata riziki hatua chache kutoka mlangoni kwako. Mama alikuwa akitoka asubuhi na kikapu chake, anapita kwa muuza samaki, anakaa kidogo kwa jirani, anafika Hospitali ya Palestina siku ya kliniki, na saa sita yuko nyumbani anachambua mchele. Hakuna aliyempangia ratiba.

Kilichotutoa ni kodi. Nyumba za familia zilizotuzunguka ziliuzwa moja baada ya nyingine, zikabomolewa, zikasimama apatimenti, fremu za biashara na baa. Nasi tukaambiwa kodi inapanda na italipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Siwalaumu wenye nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanataka mahali pa kulala.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Chanika tulionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Sinza tulikuwa tukilipa 450,000. Nafuu ya 250,000! Mtu yeyote angekimbilia kulipa. Lakini kutoka barabara ya lami mpaka kwenye ile nyumba ni boda ya 1,500. Mtu mmoja anayekwenda kazini siku 24 kwa mwezi, kwenda na kurudi, anatoa 72,000. Sisi watu wazima wawili tungetoa 144,000. Shule iko mbali, kwa hiyo mtoto anahitaji basi la shule, weka 60,000. Katika ile nafuu zinabaki 46,000, na hapo bajaji ya bibi haijahesabiwa, wala nauli ya daladala ambayo ilipanda kutoka 500 hadi 600 kwa safari fupi mwishoni mwa 2023, wala siku za mvua ambapo boda wanataja bei wanayotaka au wanakataa kabisa kuingia kwenye tope. Hesabu hizi madalali hawakufanyii. Zifanye mwenyewe kwenye karatasi, kwa kila mtu wa nyumba yako, kabla hujatoa hata hela ya kuonyeshwa.

Nikaenda pia kutazama maeneo yaliyopimwa vizuri. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000, na ndio uliofungua sehemu kubwa za Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma na Buyuni. Ni kazi ya kuheshimika. Barabara zimenyooka, watu wana hati, nyumba zinapumua. Ila nilipotembea huko kwa miguu niliona jambo ambalo ukiwa ndani ya gari hulioni. Ukuta, geti, ukuta, geti, ukuta. Unakwenda dakika kumi juani hujakutana na kibanda cha nyanya wala mtu wa kumuuliza njia. Kwenye mitaa ya ujazo mdogo, yaani yenye viwanja vikubwa na watu wachache, kila kiwanja kinabeba familia moja, na familia yenyewe ina jokofu kubwa na gari la kwendea supamaketi mwisho wa wiki. Mama muuza mchicha ataishi kwa kumuuzia nani? Hawezi, kwa hiyo haji, na asipokuja yeye hata muuza maandazi haji. Tumezoea kuuona ujazo mdogo kuwa ndiyo heshima yenyewe, tunaulipia zaidi, halafu tunashangaa kwa nini hatuwezi kupata chumvi bila kuwasha injini.

Sitetei msongamano wowote ule. Kuna mitaa ambayo kila kitu kiko jirani lakini gari la wagonjwa haliwezi kuingia, na mfereji wa maji machafu unapita chini ya dirisha. Nilichokuwa nakitafuta ni mtaa wenye njia, wenye watu wa kutosha kulisha magenge, na usio mbali na hospitali ya uhakika.

Kigamboni ilikaribia sana. Nazungumzia upande wa feri, siyo Kibada wala Mjimwema. Kama unafanya kazi Posta au Kivukoni, sidhani kama kuna mahali panapomfaa mtembea kwa miguu kuliko pale. Unatoka nyumbani kwa miguu, unalipa pantoni shilingi 200, nauli iliyowekwa tangu 2012, unavuka, unashuka Kivukoni ambako mwendokasi, mabasi yenye njia zake peke yake, unaanzia. Mitaa ya karibu na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ni ya zamani, ina masoko yake na misikiti yake, na baraza za nyumba jioni zimejaa watu. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 kodi zikaanza kupanda, lakini bado kuna nyumba za bei ya kawaida. Tulichoshindwa ni kumweka mama upande mmoja wa maji na hospitali zake upande mwingine. Nilimwazia asubuhi, watu wanavyosukumana geti la pantoni linapofunguliwa, na yeye katikati na kifimbo chake. Familia ya vijana tupu ningeiambia ihamie Kigamboni kesho.

Tukaangukia Kibaha.

Kibaha iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Morogoro, na ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wengi wanaijua kwa kupita tu: Maili Moja, wauza korosho na matunda madirishani, abiria anachungulia, basi limeshaondoka. Ukishuka na kuingia ndani kuelekea Tumbi unakuta mji mwingine. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha pale, pamoja na serikali ya Tanganyika, mradi wa kupambana na maadui watatu wa wakati ule, ujinga, maradhi na umaskini. Ikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, na mwaka 1970 vyote vikakabidhiwa Tanzania, ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nina maoni yangu kuhusu mahali hapo. Waliopanga Tumbi walipanga kwa ajili ya watu wasiokuwa na magari, kwa sababu miaka ya 1960 mwalimu, muuguzi na mwanafunzi wote walikuwa wakitembea. Shule, hospitali, maktaba na nyumba za watumishi vikawekwa jirani, na miti ikapandwa. Miti ile sasa ni mikubwa. Dakika kumi na tano chini ya kivuli mama anazimudu. Dakika hizohizo katika jua la Februari, mahali palipofyekwa mpaka jani la mwisho, zingemlaza kitandani. Ramani ya kwenye simu itakwambia umbali ni mita mia nane, haitakwambia kama utazitembea kwenye kivuli au kwenye tanuri.

Siku ya kwenda kuangalia nyumba nilimchukua mama. Dalali alikuwa na boda mbili tayari pale stendi. Nikamwambia, "Kaka, tunatembea, wewe tangulia na sisi tunakuja." Hakupenda, maana alikuwa na wateja wengine, lakini alitembea. Nilichagua saa nane mchana makusudi, jua likiwa kali. Sikumsaidia mama popote nilipoona anaweza mwenyewe, nikawa nyuma yake naangalia miguu yake inapokanyaga. Kwenye makutano ya kwanza kulikuwa na mtaro mrefu wa maji ya mvua, na mahali pa kuvukia ni ubao mmoja wa mbao za kenchi, umelegea upande mmoja. Akausimamia, akaugonga na kifimbo, akasema, "Huu hapana." Tukatembea mpaka palipo na kalavati. Nikaandika kwenye daftari. Mbele kidogo duka la dawa lilikuwa na benchi nje, akaketi bila kuombwa, na dada wa dukani akamwamkia, "Shikamoo bibi," akamletea maji. Mama akamuuliza kama dawa yake ya presha wanayo na wanauzaje. Wanayo. Pembeni kulikuwa na genge: nyanya zimepangwa mafungu, mchicha, matembele, dagaa kwenye sahani ya bati, nazi. Akauliza bei ya kila kitu, akanunua fungu la matembele ambalo hatukuwa na pa kulipikia siku ile. Tulipofika kwenye nyumba yenyewe hakutazama vyumba. Alisimama mlangoni akageuka kutazama tulikotoka. "Hapa naweza kwenda na kurudi," akasema. Dalali alikuwa anaeleza habari ya vigae na sinki la jikoni. Mimi nilikuwa nimeshaamua, ingawa kodi ilikuwa 250,000, zaidi kidogo ya ile ya Chanika.

Kabla ya kulipa nilirudi tena na mume wangu, jua likiwa limezama, kuona kama njia ina taa na kama maduka yanafunga mapema. Taa za barabarani ni chache, lakini maduka yanakaa wazi mpaka saa tatu na nusu usiku, na mwanga wao unamulika njia. Mvua za masika zilipoanza nilirudi kuona maji yanatuama wapi. Kama unaweza kusubiri masika kabla ya kuamua, subiri. Kiangazi kila mtaa ni mzuri.

Jambo kubwa la Kibaha ni barabara kuu. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, na kwa mwenye gari ni neema. Kwa anayetembea imekuwa mto. Bibi na mtoto wa miaka tisa hawana biashara ya kuvuka njia nane za malori ya Zambia na Kongo na mabasi ya mikoani kila siku. Kwa hiyo tukajiwekea sharti: nyumba, shule, soko na hospitali viwe upande mmoja wa barabara. Nyumba mbili nzuri, moja ikiwa na kisima, tuliziacha kwa sababu hiyo tu. Hili siyo la wasiwasi wa mzazi peke yake. Dar es Salaam ina mradi wa kulinda watoto wanaokwenda shule kwa miguu, unaoendeshwa na shirika la Amend, ambao unatengeneza vijia vya waenda kwa miguu, matuta na alama kwenye njia za shule za msingi. Mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI). Walichofanya ni vitu vidogo vya zege na rangi, na vimeokoa watoto. Natamani kila halmashauri ya Pwani iende ikajifunze, kwa sababu watoto wa huku wanatembea pembeni ya barabara kubwa zaidi.

Maji nayo ni suala la miguu. Bomba lisipotoa, mtu anabeba ndoo. Kibaha iko kwenye njia ya maji ya Ruvu Juu, mtambo uliojengwa Mlandizi mwaka 1959, ambao maji yake hupita huku yakielekea Dar es Salaam. Lakini bomba kubwa kupita jirani siyo sawa na bomba lako kutoa. Waulize majirani, tena waulize akina mama na watoto, ndio wanaojua maji yanatoka siku gani na yakikatika wanachota wapi.

Nisimdanganye mtu kuhusu safari ya mjini. Ni ndefu. Natembea mpaka kituoni, napanda gari la Mbezi, naunga mpaka Kimara, naingia mwendokasi. Foleni ya mwendokasi asubuhi unaijua. Siku nisizotakiwa ofisini nafanya kazi nyumbani, na bila hizo nisingeweza. Kama kazi yako inakutaka Posta saa moja na nusu kila siku ya Mungu, Kibaha itakuchosha, na ushauri wangu ni ule wa Kigamboni. Lakini tulivyogawana mzigo nyumbani kwetu naona ni haki: safari ndefu nimeibeba mimi na mume wangu, tulio na nguvu, na zile fupi za kila siku, ambazo ndizo nyingi, zimebaki mikononi mwa wale wasio na nguvu nyingi. Familia nyingi nazoziona zimefanya kinyume. Baba ana gari na anafika kazini vizuri, bibi na watoto wamefungiwa ndani ya fensi.

Treni watu wananiuliza sana. Safari za SGR, reli mpya ya kisasa, kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na katikati kuna vituo vya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Soga iko Wilaya ya Kibaha, na madalali wameshajua kulitumia jina hilo. Ukiambiwa nyumba au kiwanja kiko karibu na SGR, uliza utafikaje kwenye kituo chenyewe kutoka mlangoni na treni inasimama hapo saa ngapi. Reli inayopita nyuma ya nyumba yako bila kusimama inakuachia kelele na pa kuvukia pachache.

Tumepanga, hatujanunua. Ndugu wanatusukuma tununue kiwanja sasa hivi kabla bei haijapanda, na wengine wameshatutajia viwanja vya bei poa kabisa kandokando ya barabara. Mwaka 2017 tuliona nyumba nyingi zikivunjwa kuanzia Kimara kuja Kiluvya, nyumba za watu waliokaa miaka, kwa sababu zilikuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote nimekuwa nikienda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuomba kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo husika. Natafuta vitu vichache: hifadhi ya barabara inaishia wapi, kiwanja cha shule na cha soko kiko wapi na kama kweli bado kiko wazi au kimeshamegwa, na njia za kupita ni zipi.

Hili la mwisho ndilo watu hawalitazami. Njia ambayo mama anapita sasa kwenda gengeni inakata viwanja viwili vya watu ambavyo havijajengwa. Ni njia nzuri, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na kwa hiyo safari yake ni fupi. Kimojawapo kina bikoni mpya, yale mawe ya mpaka, na marundo ya matofali. Mwenye nacho ana haki ya kujenga ukuta, na akijenga, mama atazunguka mpaka barabara ya nyuma, karibu mara mbili ya mwendo wa sasa. Nimeshautembea mzunguko ule pamoja naye, taratibu, tukipumzika njiani, na anaufikisha. Angeushindwa, tungekuwa tunatafuta nyumba nyingine mapema kabla matofali hayajapanda. Nanyi mnaopima umbali, pimeni kwa barabara zilizochorwa tu, njia za mkato msizihesabu.